Wageni wa Keziah Thwaite

Hebu niambie wewe: ungefukuzwa leo katika nyumba uliyoishi miaka hamsini, ungekwenda kubisha hodi kwa nani? Kwa mwenye nyumba kubwa anayejulikana nchi nzima kuwa ndiye aliyekuleta, au kwa yule aliyekukuta siku ya kwanza, akakupangusa vumbi na kukuuliza wewe ni nani?

Maneno yalikwenda kwa Keziah Thwaite.

Ilikuwa Jumanne ya pili ya Januari, mwaka wa 1934. Keziah alikuwa amesimama mbele ya jiko lake la chuma akikoroga uji wa shayiri, soksi aliyokuwa akiifuma ameibana kwapani pamoja na sindano zake nne. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, chumba kimoja chini na kimoja juu, mwisho kabisa wa njia ya Kettlesike, katika bonde la Swarthdale, kaskazini mwa Uingereza. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Mlango ukagongwa mara mbili, kwa adabu.

Alipofungua hakuona mtu. Aliona tu kwamba theluji ya kizingitini imeyeyuka, duara la ukubwa wa sinia, na jiwe la chini linatoa mvuke. Kisha joto likaingia, likapita kando ya sketi yake, likaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu dada yake alipofariki. Kiti kikang'aa rangi ya siagi. Vumbi la chumbani likapanda kwenye mwanga ule, likasimama hewani bila kushuka. Keziah aliliangalia, mwiko mkononi, mpaka uji ukaanza kushika chini.

Alilijua. Lilikuwa apricity, neno la kale la Kiingereza, maana yake joto la jua katikati ya baridi kali: ile siku moja ya Januari ambapo mtu anaegemea ukuta, shavu moja linapata moto na la pili linaganda. Alikuwa amelitoa katika kitabu kisicho na jalada, mwezi Machi mwaka 1881, na tangu siku hiyo hawakuwa wameonana.

"Karibu," akasema. "Uji ni mdogo, ila tutagawana."

Akafunga mlango ili baridi isiingie.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hutaelewa neno lilimjuaje. Keziah alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa mfanyakazi wa jikoni katika nyumba ya kasisi, Kasisi Septimus Garforth. Enzi hizo wakubwa wa kamusi walikuwa wametangaza nchi nzima kwamba kila ajuaye kusoma asaidie. Achukue vitabu vya zamani, akikuta neno geni alinakili kwenye nusu karatasi: neno lenyewe pembeni juu, chini yake jina la kitabu na mwaka, chini yake sentensi nzima kama ilivyo. Karatasi zifungwe kwa uzi, zipelekwe posta. Kasisi Garforth alijiandikisha kati ya watu wa mwanzo. Akaletewa masanduku sita ya vitabu. Alisoma kurasa mbili za kitabu cha kwanza, kichwa kikamuuma, akaenda kuwinda ndege.

Keziah alipewa kazi ya kuvifuta vumbi. Siku moja kasisi akamkuta amekaa chini, kitambaa mkononi, anasoma. Hakumgombeza. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema wazi. Alimpa kalamu ya chuma na ruhusa ya kutumia vipande vya mishumaa vilivyobaki mezani. Basi kwa miaka kumi na moja, kila sufuria la mwisho likishasuguliwa, Keziah alikaa kwenye meza ya jikoni akinakili maneno. Yalifika elfu kumi na moja. Mtoto wa pekee wa kasisi, Bi Lavinia, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa akishuka na gauni la kulalia, anakaa juu ya sanduku la unga na kupuliza wino ukauke. Na kila mwisho wa mwezi kasisi alifunga karatasi kwa uzi, akaandika jina lake juu ya kifurushi.

Kamusi kubwa ilipotoka, kulikuwa na ukurasa wa shukrani, na jina la kasisi lilikuwemo. Kasisi alipofariki, kanisa likabandika kibao cha shaba karibu na mimbari, kinachosema kwamba aliikomboa lugha yetu kwa mkono wake mwenyewe. Keziah, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifagia kanisa, alikisugua kibao hicho kila Jumamosi kwa siki na majivu. Kiling'aa kuliko vibao vyote vya bonde lile.

Habari kamili ya wageni ililetwa na Enoch Raistrick wa posta, siku ya tatu. Alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu yaliyoganda, na huwezi kumharakisha. Alieleza kwamba wakubwa wa kamusi huko mjini wanatengeneza kamusi ndogo, ya kitabu kimoja, ya kuuzwa kwa watu wa ofisini. Maneno ambayo hayajasemwa na mtu kwa miaka mia yanakatwa kwa wino mwekundu. Neno likishakatwa linakusanya vitu vyake na kuondoka. Mkuu wa stesheni alikuwa akiyapandisha behewa la kuku, kwa sababu hakukuwa na fomu nyingine.

"Yapo mawili mengine kwenye mkokoteni wangu, Bibi Keziah," akasema Enoch. "Yamenyamaza njia nzima. Sijui hata kama yamekula."

Yalikuwa ereyesterday na overmorrow, yaani juzi na keshokutwa. Sisi tunaosema Kiswahili maneno haya tunayo mdomoni tangu utotoni, hatuyaoni kama mali. Waingereza waliyapoteza yao zamani, na tangu hapo husema siku iliyo kabla ya jana, siku iliyo baada ya kesho, kama mtu anayezunguka nyumba yake akitafuta mlango. Keziah akayakaribisha. Moja likakaa kushoto kwa bomba la moshi, la pili kulia. Kesho yake aligundua kwamba mkate ukiwekwa upande wa kushoto unarudi kuwa wa moto kama ulivyotoka kwa mwokaji, na ukiwekwa upande wa kulia unaota ukungu ambao haujafikia siku yake. Basi mkate akauweka kushoto, jibini akaliweka kulia, kwa kuwa jibini linapenda umri.

Wiki hiyohiyo likaja groak. Hilo maana yake ni kumkodolea macho mtu anayekula, kimya, ukitumaini utakaribishwa. Lilikuwa na kimo cha mbwa ila halikuwa mbwa. Lilisimama kwenye kona ya meza kila Keziah alipokula, na hata alipolisogezea sahani halikula, maana halikuwa na mdomo. Lilikuwa macho tu. Kisha likaja lant, yaani mkojo uliowekwa siku nyingi kwa ajili ya kufulia sufu. Mama yake Keziah alikuwa na pipa lake uani, kama kila nyumba ya bonde hilo enzi za sufu, kwa hiyo Keziah hakuliona ajabu. Alilionyesha banda la nje na kuliomba radhi kwamba ndani halitaingia. Halikununa. Lilizoea.

Kufikia Februari kila mtu wa Swarthdale alikuwa amejua. Na hapa nieleze tabia ya watu wale. Hawamwambii mtu jambo zito usoni. Jambo zito hulisema kwa njia ya hali ya hewa. Mwanamume akitaka kuoa, humwambia mwanamke anaona majira ya kukata nyasi yamekaribia. Aliyefiwa huambiwa kwamba ukungu umeshuka mapema mwaka huu, naye hujibu kwamba utapanda tu, na hapo wameshapeana pole na kuipokea. Hakuna anayechekwa, na hakuna anayekosa kuelewa.

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia Keziah kwamba sasa wamejua nani aliandika karatasi zile. Walikuja tu kuota joto. Walipanga foleni kwenye njia, kila mtu na kikombe chake, wenye magoti mabovu mbele, wakaingia watatu watatu kukaa karibu na kiti cha dirishani. Waliongea habari za kondoo. Wakati wa kuondoka, mmoja mmoja, walisema kwamba inaelekea upepo siku hizi hauvumi tena upande wa nyumba ya kasisi. Keziah alijibu kwamba upepo huvuma unakotaka, akaendelea kufuma.

Kisha ikaja siku ambayo hata mimi nikiieleza hukaa vizuri kitini. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne ya Februari, saa nne asubuhi. Enoch alikuwa akipanda na barua, akaona juu, pale njia inapokatiza mlima, kitu kinateremka. Yalikuwa maneno, mia tatu na zaidi, yametoka kwenye treni ya asubuhi. Yalikuja kwa mstari mmoja, bila moja kulipita jingine. Mengine yalikuwa mwanga, mengine harufu, mengine sauti tu. Lilikuwepo neno la wasiwasi unaomwamsha mtu kabla ya alfajiri, na lilipopita, kondoo walinyanyua vichwa wote kwa pamoja. Lilikuwepo neno la kijia anachokitoboa sungura chini ya ua wa miti, na theluji ilijifungua mbele yake ikajifunga nyuma yake. Yalikuwepo maneno ya aina za barafu ambazo watu wa siku hizi huziita barafu tu, na kila moja lilipokanyaga, barafu iliyo chini yake ilikumbuka ni ya aina gani: hapa ikawa ya buluu, hapa ya maziwa, hapa nyembamba kama ganda la yai ikawaka kwenye kila kijiti.

Wanaume waliokuwa wakitengeneza ukuta waliweka mawe chini, wakavua kofia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika shuka alibaki ameishikilia kwa mikono miwili juu, mpaka mstari ulipokwisha, na shuka ikaganda hivyohivyo. Bonde zima lilisikika likipumua.

Bi Lavinia Garforth alikuwa ameshapata habari. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, hajaolewa, anaishi peke yake katika nyumba ya baba yake yenye vyumba kumi na viwili. Alikuwa amefungua lango pande zote mbili na kutandika zulia hadi barabarani. Alisimama mlangoni na mkufu wa mama yake. Maneno yalipofika langoni yalipunguza mwendo, kwa heshima ya zulia. Kisha yakapita. Hata moja halikugeuka. Yaliteremka hadi Kettlesike, hadi mlango wa mwisho, yakangoja zamu, na Keziah akayaita moja moja kwa jina lake, bila kukosea, na kuyaonyesha pa kukaa. Mengine yalikaa chini ya kitanda, mengine kwenye ndoo ya makaa, na yaliyobaki yalipanda ngazi, kila kidaraja maneno kumi.

Jioni Bi Lavinia alikuja mwenyewe, hana hata mwavuli. Alisema kwamba maneno yale ni ya baba yake na yanastahili nyumba yenye nafasi. Keziah hakubisha. Alimfungashia apricity kwenye kapu, akalifunika na shali. Bi Lavinia akaliweka sebuleni kwake, kwenye kiti cha kasisi. Kiti kikabaki kiti. Chumba kikawa baridi kuliko kilivyokuwa, na vioo vikaganda kwa ndani. Saa tatu asubuhi neno likarudi kwa miguu yake, Keziah akalipangusa theluji na kulirudisha dirishani.

"Naona kwenu kuna baridi," Keziah akamwambia Bi Lavinia walipokutana kanisani.

"Nyumba za mawe," akasema Bi Lavinia, macho yake kwenye kibao cha shaba.

Mwanzoni mwa Machi akaja karani wa kamusi. Aliitwa Bwana Pilbeam, kijana wa kusini, viatu vyake vyembamba vimelowa. Alikuwa na fomu. Kwa utaratibu wao, maneno yakitoka lazima apatikane aliyeyaleta mwanzo, na jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye ukurasa wa shukrani wa kamusi mpya. Kwenye vifurushi lilikuwepo jina la Garforth, akasema, lakini maneno yenyewe yamehamia hapa, na mkubwa wake anapenda mambo yaliyonyooka.

Walikaa wote jikoni kwa Keziah: Bwana Pilbeam, Bi Lavinia aliyeitwa kama mwenye jina, na Enoch aliyekuwa ameleta barua na hakuona sababu ya kuondoka. Keziah aliwakatia keki ya tangawizi. Groak lilisimama kwenye kona yake. Karani alitoa mfukoni karatasi moja ya zamani, akaitazama, kisha akatazama rafuni, kwenye vibandiko vya chupa za jamu ya plamu. Mwandiko ulikuwa mmoja, mrefu, umelalia kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Bibi," akasema, "karatasi hizi aliandika nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Keziah swali hilo. Alikuwa amelingoja kwa miaka hamsini na mitatu, akiwa amesimama, akiwa amepiga magoti na kitambaa, akiwa kitandani anatazama dari. Sindano zikasimama. Akajibu kama mtu wa Swarthdale anavyojibu.

"Majira ya baridi ya mwaka themanini na moja yalikuwa marefu," akasema. "Sijaona marefu kama yale."

Enoch akavua kofia. Kwa mtu wa bonde lile hakukuwa na la kuongeza. Alikuwa amesema kila kitu: kwamba ni yeye, kwamba alifanya peke yake, kwamba hakushukuriwa.

Bwana Pilbeam alingoja. Alidhani bibi amezeeka na mawazo yanamtoka. Kwao kusini hali ya hewa ni hali ya hewa. Akatabasamu, akaonja keki, akamgeukia Bi Lavinia na kumuuliza swali lilelile.

Bi Lavinia alikuwa ameelewa kila neno. Groak likasogea likasimama karibu naye, macho kwa macho.

"Baba yangu alikuwa msomaji mkubwa," akasema.

Karani akaandika, maana fomu ilitaka kauli ya mtu, si mwandiko wa chupa. Bi Lavinia akatia sahihi. Kalamu ilikwaruza, na nyumba nzima maneno yote yakanyamaza, maana kumbe yalikuwa yakinong'ona siku zote na watu walikuwa wameyazoea.

"Watu wa kusini," akasema Enoch karani alipoondoka. "Mvua wanaisoma kwenye gazeti."

Keziah hakucheka. Aliosha vikombe. Usiku ule hakufuma. Jumamosi alikwenda kanisani na siki na majivu yake, akakisugua kibao kama kawaida.

Mwisho wa Machi kondoo walikuwa wanazaa na theluji ya mwisho ilianguka juu ya wana-kondoo. Kamusi mpya ikafika, kitabu kizito chenye jalada la kijani. Bi Lavinia akaja nacho hadi Kettlesike. Alisimama nje kidogo kabla ya kugonga, na Keziah alimwona kupitia dirishani: mwanamke mzee kwenye theluji, anamtazama yeye akila ndani. Akamfungulia. Akamvutia kiti karibu na mwanga wa apricity, na Bi Lavinia, kwa mara ya kwanza tangu vuli, akavua glavu.

Hapo hapo kitu kingine kiliingia, mlango ulipokuwa wazi. Hakikugonga. Lilikuwa neno la mwisho kukatwa, lililokaa kwenye meza ya mkubwa wa kamusi wiki nzima kwa sababu mkono wake ulisita. Lilikuwa respair, maana yake kurudi kwa tumaini baada ya kukata tamaa. Lilikuwa limeandikwa mara moja tu, na mtu mmoja, miaka mia tano iliyopita, na baada yake hakuna aliyelitumia hadi Keziah alipolikuta mwaka 1889 na kulia kidogo juu ya sufuria. Halikuwa na umbo. Lilifanana na pale unapopoteza sindano, ukaitafuta hadi ukachoka, ukaacha, na wakati unafikiria mambo mengine mkono ukaigusa. Lilipita chumbani, na maneno ya kwenye ngazi yakasogea kulipa nafasi, lakini halikukaa kwao. Likaja likakaa kifuani kwa Keziah, chini ya shali, mahali ambapo hapakuwa na mtu kwa muda mrefu.

Bi Lavinia akafungua ukurasa wa shukrani na kuusoma kwa sauti. Kasisi Septimus Garforth wa Swarthdale. Nakala zimeshakwenda kila mji, akasema, na hadi ng'ambo. Akafunga kitabu polepole, akakiweka magotini.

"Theluji ya mwaka huu," akasema, "imechelewa sana kuyeyuka upande wa kwetu, Keziah. Nimeiona kila siku nikipita. Nimeiona tangu nikiwa mdogo."

Ilikuwa ni kuomba msamaha, na kwa desturi ya bonde ilitosha. Keziah alitakiwa tu kujibu kwamba itayeyuka, kisha wanywe chai.

Aliziweka sindano mezani, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Mimi sisemi habari za theluji, Bi Lavinia," akasema. "Maneno haya niliyaandika mimi, na wewe ulikuwa umekaa juu ya sanduku la unga unapuliza wino. Nilitaka waandike Keziah Thwaite."